Ukuta wa Mwalimu wa Kiingereza

Mimi ni mwoga, na nalisema mapema ili mtu asije akanidai ushujaa huko mbele. Naogopa radi, naogopa mamba, naogopa hata simu ya namba nisiyoijua. Lakini katika maisha yangu sijamwogopa binadamu kama nilivyomwogopa mwalimu wetu wa Kiingereza, na ajabu ni kwamba hakuwahi kunichapa hata siku moja.

Hakuwa na fimbo. Wenzake walikuwa nazo, tena za mpera, lakini yeye alikuwa na kile kisauti chake kidogo tu. Ukikosea alikujia taratibu, akainama usawa wa sikio lako, akalirudia kosa lako neno kwa neno, kwa heshima zote, kama mtu anayesoma salamu za rambirambi. Kisha akanyamaza. Hapo ndipo ulipotamani ardhi ipasuke. Kuna msichana darasani kwetu aliyeanza kulia Mwalimu akiwa bado madawati mawili nyuma, hajafika hata kwake.

Tulimwita Mwalimu, basi. Walimu wenzake nao walimwita Mwalimu, na wauza kahawa wa Ujiji vilevile. Ukisema mtaani kwetu, "Nimemwona Mwalimu," hakuna anayekuuliza yupi. Nimejuana naye tangu nikiwa mwanafunzi wake pale Mwanga mpaka nimekuwa mama wa mtoto mkubwa na fundi cherehani mwenye meza yangu sokoni, na bado nikimwona kwa mbali najikuta natengeneza kanga vizuri na kutema bigijii.

Alikuwa mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikono, mwavuli mweusi masika na kiangazi. Kila asubuhi aliketi kizingitini kwake akipaka viatu rangi. Ukipita ukasema "Shikamoo, Mwalimu," aliitikia "Marahaba" bila kuinua macho, halafu hapohapo akakuuliza kwa Kiingereza unakwenda wapi. Loo! Watu wazima na ndevu zao walikuwa wanabadili njia. Jirani yangu Mama Shabani, muuza mawese, alizungukia nyuma ya msikiti na dumu lake kichwani, jua kali, ili tu asiulizwe.

Walimu wengine wa Kiingereza huanza na salamu, rangi na majina ya wanyama. Yeye alipenda kuanza na maneno ya madhara. Alisema mtu akifika hospitalini, au polisi, au mpakani, hakuna atakayemwuliza rangi ya twiga. Ataulizwa kumetokea nini.

"Kiswahili chenyewe mmekifanyia uvivu," alituambia. "Tuna bomoa, tuna jeruhi, tuna dhuru, tuna teketeza. Lakini nyinyi kila kitu ni haribu. Redio imeharibika, mtoto ameharibika, harusi imeharibika, dagaa wameharibika. Uvivu huo mkienda nao kwenye Kiingereza utawaumbua."

Siku moja alituteremsha darasa zima kwa miguu mpaka Kibirizi, kwenye mwalo wa kushushia samaki. Mvua ilikuwa imewanyeshea dagaa waliotandazwa mchangani, na kina mama walikuwa wanawageuza huku wamekunja nyuso kwa harufu. "Spoil," Mwalimu akasema. "Chakula kikioza ni spoil. Na mtoto aliyedekezwa mpaka akashindikana, naye ni spoil." Tukaandika. Akatupeleka kwenye mtumbwi uliopasuka ubao ubavuni. "Damage. Hii ni ya vitu. Ubao ukibadilishwa, chombo kinarudi majini. Damage mara nyingi ina fundi wake." Tukaandika. Akapita mchukuzi mmoja anachechemea, mguu umefungwa kitambaa.

"Injure," Mwalimu akasema, akimwonyesha kwa mkono wazi, maana kumnyooshea mtu kidole aliona ni ushenzi. "Huyu bwana hajawa damaged. Mtu si redio. Ameumia kwa ajali, basi ni injured. Angekuwa amechomwa kisu au amepigwa risasi, tungesema wounded."

Mchukuzi akasimama. "Mwalimu, mnanisema nini hapo?"

"Tunakupa pole kwa Kiingereza, bwana."

"Ahsante. Ila semeni na kwa dawa."

Tukacheka, huku tunamtazama Mwalimu kama ameruhusu. Naye akacheka! Meno yake tuliyaona siku hiyo, na baada ya hapo ilipita miaka kabla sijayaona tena.

Akaendelea. Harm, alisema, ni madhara ambayo pengine hata huyaoni. Mtu anaweza kukufanyia harm huku mnacheka naye mezani. Ruin ni pale kitu kipo ila hakina maana tena: sherehe iliyovurugwa na mlevi, jina la mtu lililochafuka, gauni la bibi harusi lililomwagikiwa mawese. Hiyo ya gauni nimeiona kwa macho yangu katika kazi yangu ya cherehani, na nakuhakikishia hakuna neno jingine. Destroy aliiacha mwisho. Hakutuonyesha kitu. Aliyaangalia maji tu, akasema, "Destroy ni kuisha. Hapo hakuna wa kumwita fundi." Tukarudi shuleni kimyakimya. Niliogopa kwenda kuteka maji wiki nzima, wala sikujua naogopa nini.

Kwa nini alishikilia mno maneno hayo, nilikuja kujua ukubwani, siku nilipompelekea binti yangu Rehema kwa ajili ya tuisheni. Alinikaribisha kiti, akanipa chai ya tangawizi, na pasipo mimi kuuliza akanieleza. Zamani, watu walipokuwa wanavuka kwa wingi kutoka Burundi, aliitwa kambini awe mkalimani, maana Kirundi na Kiha vinasikilizana. Akaletwa mama mmoja. Akaulizwa habari ya nyumba yake. Mama akasema kwao nyumba imeharibika. Mwalimu, kijana wakati huo, haraka haraka, akatafsiri damaged. Mzungu aliyekuwa anaandika akauliza kama inaweza kutengenezwa. Mwalimu akamfikishia mama swali hilo kama lilivyo.

"Yule mama aliniangalia," Mwalimu akaniambia. "Nyumba ilikuwa imechomwa moto na watu wamo ndani. Wanawe. Na mimi namwuliza kama inatengenezeka."

Akachukua kikombe changu ambacho sijakimaliza, akaenda kukiosha. Hakulizungumza tena, nami nani wa kumwuliza?

Usidhani alikuwa mtu wa huzuni saa zote. Alikuwa na vituko vyake. Mtu huyo wa Kiingereza cha kuchongwa alikula ugali wa muhogo na samaki mgebuka kwa mkono mpaka kwenye kifundo, na alisema uma ni wa watu wanaoogopa chakula chao. Wanafunzi waliochanganya lugha aliwakemea, lakini mpira ukiwa redioni alimtukana refa kwa lugha tatu katika pumzi moja. Na wanawake wa dagaa pale Kibirizi alipiga nao soga la Kiha, mikono inapaa hewani, mpaka ukajiuliza kama ni yeye. Ukimsogelea tu, anajinyoosha, anarudi Mwalimu.

Kubwa kuliko yote: aliogopa maji. Amekaa kando ya Ziwa Tanganyika umri wote na hajawahi kupanda hata mtumbwi. Hakuoga ziwani, hakuosha miguu ziwani. Na nyumba yake, angalia mambo, ilikuwa ya mwisho kabisa mtaani kwetu Ujiji, chini kule, ukitoka sebuleni kwa mlango wa nyuma unaziona ngazi za mawe na chini ya ngazi ni mchanga. Kiwanja kilikuwa cha marehemu mkewe, mwenyeji wa hapa. Nilipomtania siku moja kuhusu hilo, alisema, "Mke wangu aliyapenda maji. Mimi nilimpenda yeye." Nikashika mdomo. Mwalimu kusema vile!

Halafu ziwa likapanda. Kila mtu wa huku anajua lilivyopanda. Mwaka huu kidogo, mwaka unaofuata zaidi, michikichi ikabaki imesimama ndani ya maji kama watu waliosahaulika. Nyumba za chini zikaanza kuhamwa. Kiboko akaonekana akila majani kwenye uwanja ambao watoto walikuwa wanachezea. Wakapita watu wa serikali na kopo la rangi nyekundu, wakapiga X kwenye kila ukuta uliokaribia maji, na wa Mwalimu ukiwamo. Alitoka akaitazama ile X kwa muda.

"Miaka yote nimewapigia wengine alama hiyo kwenye madaftari," akasema. "Leo na mimi nimekosa."

Watu wakacheka kwa adabu. Majirani wake wote wakahama. Yeye akabaki.

Angekwenda wapi? Ana mtoto mmoja, wa kike, ameolewa Mwanga, na mumewe ni mtu mwema mwenye vyumba vya kutosha. Lakini kwao Mwalimu, na kwa wengi wetu huku, baba halali usiku nyumbani kwa mkwewe. Atakwenda asubuhi, atakunywa chai, atabeba wajukuu mpaka jioni; lakini kulala chini ya paa la mume wa binti yake, aibu hiyo hawezi. Binti alipiga magoti akalia. Mwalimu akamwinua, akamfuta machozi, akarudi kwake kwa miguu.

Ufa ukaanza kwenye ukuta wa sebule, ule wa upande wa ziwa. Na sebule hiyo ndimo watoto wetu walimosomea tuisheni kila alasiri. Nilipouona mara ya kwanza ulikuwa mwembamba kama uzi. Nikajifanya sikuuona. Niliporudi tena ningeweza kupitisha ukucha. Nikamwangalia Rehema amekaa pale na wenzake, kichwa kimeinama, na juu yake ule ufa unapanda kuelekea kwenye bati. Nikaaga kwa heshima, nikaondoka.

Sasa sikia upumbavu wetu. Kwetu humwambii mwalimu wako usoni kwamba nyumba yake inaanguka. Neno kama hilo linatafutiwa mtu aliyemzidi umri, akamfikishie. Tukakaa wazazi, tukatafutana: nani mkubwa kuliko Mwalimu? Waliomzidi umri wote wametangulia mbele ya haki, na waliobaki amewafundisha. Hakuna aliyetaka kwenda. Basi tukafanya tulichokiona cha adabu, kila mtu akamtoa mwanawe kwa udhuru wake. Mama Shabani akasema wa kwake ana homa. Mwingine akasema mtoto amekwenda Kasulu kwa shangazi. Mwingine, muda wa madrasa umebadilika. Mimi nilisema Rehema ana homa pia, nikaona haya kwa kurudia, nikaongeza na kikohozi.

Mwalimu aliitikia wote, "Mungu amponye," na "Safari njema." Tukafurahi. Tukadhani tumemaliza, akikosa wanafunzi atahama mwenyewe.

Siku chache baadaye naona mwavuli mweusi unakuja katikati ya soko la Mwanga. Nikasimama, cherehani ikasimama. Hajawahi kufika mezani kwangu hata kushona kifungo. Nikamfutia benchi la wateja, akaketi, akakunja mwavuli, akasubiri mpaka wateja wawili waliokuwapo wakaondoka.

"Mama Rehema," akasema, na sauti ilikuwa ileile ndogo, "wewe nilikufundisha, hutanificha. Kiingereza changu kimepitwa na wakati?"

"Hapana, Mwalimu! Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema. Ila naona watoto wanaondoka. Vijana wa siku hizi wana matamshi ya kwenye simu. Nimeanza kusikiliza redio ya nje asubuhi, nijirekebishe."

Jamani. Mzee yule, aliyetutetemesha darasa zima, ananyanyuka alfajiri kusahihisha matamshi yake kwa sababu ya homa zetu za uongo. Neno lilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi: Mwalimu, ni ukuta. Nikamtazama, naye akanitazama kwa macho yale ya darasani, na ulimi ukakauka.

"Ni homa tu za msimu, Mwalimu," nikasema. "Watarudi."

Akashukuru. Akaondoka amenyooka. Nilishona kola kinyume siku hiyo, nikaifumua.

Nyumbani nikamweleza Rehema, na hapo nilifanya bila kufikiri, maana nilitaka tu kuutua mzigo wangu. Msichana wa kidato cha pili naye ana moyo.

Kesho kutwa yake upepo ulianza mchana, upepo mbaya, unaopiga kutoka ziwani na kuinua mabati. Nilifunga kazi mapema, nikachukua bodaboda mpaka nyumbani. Rehema hayupo. Mama Shabani alikuwa anaanua nguo zake.

"Nimemwona anateremka kwa Mwalimu na daftari," akasema. "Nimemwuliza, kasema anamwonea huruma anakaa peke yake." Kisha akaniona uso. "Yallah! Na upepo huu?"

Sijui viatu niliviacha wapi. Nilishuka mteremko ule nikiita jina la mwanangu, na sauti ikawa inarudi usoni kwangu pamoja na mchanga. Ngazi za mawe zilikuwa hazionekani tena. Mawimbi yalikuwa yanagonga ukuta wenyewe, na kila yakigonga nilisikia kwenye meno.

Niliingia bila hodi. Tangu nizaliwe sijawahi kuingia kwa mtu bila hodi. Rehema alikuwa amekaa kwenye benchi anasoma kwa sauti, na benchi limesogezwa mpaka mlangoni kabisa, mguu wake mmoja uko nje ya kizingiti. Mwalimu yeye alikuwa ng'ambo ya meza, mgongo wake ukutani, palepale kwenye ufa. Ufa ule sasa ungeingiza kiganja, na nyuma ya kichwa chake niliona ziwa.

"Rehema, toka nje."

"Mama, tunamalizia..."

"Toka!"

Mwalimu akainua macho. "Mama Rehema. Hodi imekwenda wapi?"

Nikasema yote kwa pumzi moja. "Mwalimu, ukuta wako unaanguka. Watoto hawana homa. Hakuna aliyekwenda Kasulu. Kiingereza chako hakina kasoro yoyote. Tumeuogopa ukuta, na wewe tumekuogopa zaidi, tukakudanganya mtaa mzima. Nisamehe, lakini toka humu."

Wimbi likagonga. Vumbi la plasta likamwangukia mabegani, kwenye shati la pasi, naye hakulipangusa.

"Mtaa mzima?" akauliza.

"Mtaa mzima, Mwalimu."

"Mpeleke mtoto."

Nikamvuta Rehema nje, nikamsukumia Mama Shabani ambaye alikuwa amefika katikati ya mteremko, mikono kichwani. Nikageuka. Mwalimu hakuwa ametoka. Nikarudi mpaka mlangoni, na hapo miguu ikagoma. Nilishika fremu ya mlango. Nikamwita kwa heshima, nikamwita kwa ukali, nikamwahidi chumba kwangu, nikamwambia mimi si mkwewe, kwangu anaweza kulala bila aibu yoyote. Amekaa tu. Nikadhani ni ukaidi, nikataka kumlaani.

Kisha nikaiona mikono yake. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, vidole vimekuwa vyeupe, na meza yote ilikuwa inatikisika. Upepo haukuwa umeifikia. Alikuwa anajaribu kusimama na hawezi.

Sikumbuki nilivyoingia. Nakumbuka nimemshika shati, nakumbuka uzito wake ulikuwa mdogo, nakumbuka nililia kwa sauti njia yote kutoka mezani mpaka mlangoni. Tulikuwa tumepita mti wa mpera wa uani mshindo uliposikika nyuma yetu. Ukuta uliangukia ziwani, taratibu, kama mtu anayelala, na bati upande ule likainama likaufuata. Sebule ikabaki wazi. Meza ilikuwa imesimama palepale, na nyuma yake hakukuwa na kitu ila maji.

Nilitaka kumwambia asiangalie. Alikuwa ameshaangalia.

Tukaanza kupanda. Alinishika mkono kama mtoto anayevushwa barabara, na mkono wake ulikuwa wa baridi, hatujui nani anamshikilia nani. Katikati ya mteremko akasimama kupumua.

"Ndatinya," akasema. Kiha hicho, naogopa. Alikisema kama anavyosema mtoto, na macho yake hayakuwa yale ya darasani.

"Tangu lini, Mwalimu?"

"Tangu maji yalipofika kwenye ngazi. Mimi mwenyewe sikuweza kuinuka nikaseme naogopa, naombeni pa kulala. Nilikuwa nangoja mmoja wenu aje aniambie ondoka." Akanigeukia. "Kila aliyekuja, alikuja na homa."

Nikamshika vizuri zaidi, tukaendelea kupanda.